Unga mzima umekuwa mchungu, na gunia limeota ukungu: nifanye nini?

"Mume wangu aliambiwa mwaka huu kwamba ana ugonjwa wa sukari, basi nikaamua tuache unga mweupe nyumbani. Mwezi wa sita, bei ilipokuwa chini, nilinunua magunia matatu ya mahindi. Mawili niliyasagisha siku moja bila kukoboa. Kufika mwezi wa nane unga ulianza kunuka kama mafuta ya zamani, na bukari yake ni chungu. Watoto wanalalamika tumbo. Gunia la tatu liko chumbani juu ya simenti. Nimelifungua juzi, mvua zimekwisha kuanza, nikakuta vidudu, na jirani amenishauri niweke vile vidonge vya gesi. Kona ya chini kuna punje zenye ukungu wa kijani. Mama mkwe anasema nizioshe, nizianike, nisage, moto unaua kila kitu. Niendelee na unga mzima au nirudi kwenye mweupe? Niko Katuba, Lubumbashi."

Jambo sana Mama. Barua yako ina maswali kadhaa, na lile la haraka kuliko yote umelitaja karibu na mwisho kana kwamba ni dogo: ukungu wa kijani. Naanza hapo. Mengine yanaweza kungoja kesho, hilo haliwezi.

Mama mkwe wako anasema moto unaua kila kitu. Kwa maji na nyama ana haki, na ndivyo wengi wetu tulivyolelewa. Ukungu una tabia nyingine. Ule wa kijani au wa kijani-manjano unaopenda mahindi na karanga mara nyingi ni wa jamii ya Aspergillus, na unapokula punje huacha ndani yake sumu iitwayo aflatoksini. Moto wa mbabula unaua ukungu wenyewe, lakini sumu iliyokwisha kuachwa inabaki palepale. Haina ladha wala harufu, inavumilia kuchemshwa na kukaangwa. Ukiosha unaondoa lile vumbi la kijani la juu tu. Sumu hiyo inashambulia ini. Mtu akiila kidogo kidogo kwa miaka, inamsogeza kwenye saratani ya ini, hasa akiwa na virusi vya hepatiti B. Akiila nyingi kwa muda mfupi, inaweza kumuua. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, huko Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa mahindi ya aina hiyo, mengi yakiwa ya mashamba yao wenyewe, yaliyowekwa ndani kabla hayajakauka.

Kwa hiyo leo hii, kabla ya kupika cha jioni, fanya hivi. Funga kitambaa puani na mdomoni, toa gunia nje, na uchote ile kona yote: punje za kijani pamoja na zote zilizoshikamana nazo au zilizokuwa karibu, hata kama kwa macho zinaonekana safi. Zichimbie shimo au uzichome mbali na watu. Kuku usiwape, maana nao sumu hii inawaua, na mbuzi wa maziwa akiila sehemu yake inapita kwenye maziwa. Usizipeleke kwenye munkoyo wala kwenye pombe, kwa sababu kuchacha hakuiondoi. Nasema hivi kwa sababu najua mahali mahindi mabovu huenda: mtu anaona uchungu kutupa, basi anayatafutia kazi nyingine.

Yaliyobaki uyapepete, kisha uyamwage kwenye ungo kidogo kidogo mchana penye mwanga, ukae na watoto wakubwa mchague. Toa kila punje iliyobadilika rangi, iliyovunjika, iliyosinyaa, yenye tundu. Kazi hii inachosha lakini ina faida ya kweli, kwa sababu sumu haigawanyiki sawasawa katika gunia: punje chache ndizo hubeba sehemu kubwa. Siku ya kupika, mimina maji juu ya mahindi na utupe zote zinazoelea. Sitakudanganya, kuchagua kunapunguza hatari, hakuifuti. Ukikuta ukungu umesambaa hadi katikati ya gunia, au ukiingiza mkono ndani ukasikia joto na harufu ya udongo mbichi, basi gunia lote limekwenda. Na hata likiwa zima upande wa juu, uji wa mtoto mdogo ununulie mahindi mengine.

Kwa nini kona ya chini? Simenti inavuta maji kutoka ardhini, macho hayaoni, na mvua zikianza inavuta zaidi. Gunia linalokaa moja kwa moja chini na kuegemea ukuta linanywa maji hayo. Mbao mbili chini yake na nafasi ya kupitisha mkono kati yake na ukuta zingetosha kuokoa ile kona.

Vidudu sasa. Hao fukusi hawana sumu, na mahindi waliyoyagusa yakipepetwa na kuchaguliwa vizuri yanaliwa. Ubaya wao ni kwamba wanakula, wanapumua, wanatia joto na unyevu ndani ya gunia, na matundu yao ndiyo mlango wa ukungu. Na hapa watu wengi wanakosea. Wanaanika mahindi, wanaona fukusi wakikimbia, wanarudisha gunia ndani, na baada ya mwezi wamejaa tena. Jike hutoboa punje, hutaga yai ndani na kuziba tundu, mtoto hukulia humo, na baada ya wiki tano hivi hutoka akiwa mkubwa. Uliowafukuza kwa jua ni wazazi. Watoto bado wako ndani.

Vile vidonge vya gesi, Mama, nakusihi usiviingize nyumbani. Vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi ya fosfini, ambayo haina dawa ya kuizima mwilini, na gesi haijui mpaka kati ya gunia na kitanda. Ni kazi ya maghala makubwa, kwa watu waliofundishwa na wenye vifaa. Kama kuna mtu amekwisha kuviweka kwenye nyumba mnamolala, tokeni nje kwanza, na yeyote anayesikia kifua kubana, kichefuchefu au kizunguzungu apelekwe hospitali saa hiyohiyo, asingojee kuona kama yatapita.

Njia ya nyumbani ni kuwanyima hewa. Punje zikiwa kavu kabisa, zijaze hadi mdomoni kwenye bidoni yenye kifuniko kinachokaza, tikisa zishuke, ongeza tena, funga, na kama kifuniko kinalegea weka kipande cha plastiki chini yake. Fukusi na watoto wao wanamaliza hewa iliyobaki, kisha wanakufa. Usifungue kabla ya mwezi kupita, kwa sababu kila ukifungua unawapa pumzi mpya. Bidoni ya lita 20 inabeba kama kilo 15 za mahindi, basi utajua unahitaji ngapi. Zile zilizobeba mafuta ya kupikia ni nzuri zikioshwa kwa sabuni na maji ya moto, zikakauka kabisa. Ila hapa kwetu kwenye migodi nasisitiza: bidoni au pipa lililobeba asidi, mazuti au dawa yoyote ya kiwandani lisiguse chakula, hata likioshwa mara kumi. Ukipata yale magunia ya PICS, yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia la kawaida, yanafanya kazi hiyohiyo. Yalibuniwa na watafiti wa chuo kikuu cha Purdue, Marekani, kwa ajili ya wakulima wa kunde wa Kameruni, na yanafaa mahindi vilevile.

Lakini neno "kavu" ndilo linalobeba yote. Ukifungia mahindi yenye unyevu ndani ya bidoni, yanatoka jasho na kuoza, na unakuwa umetengeneza ukungu kwa mikono yako. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yabaki na unyevu usiozidi asilimia 13. Kipimo cha nyumbani ni chumvi. Kausha chumvi kwenye sufuria juu ya moto mdogo, iache ipoe. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vya ile chumvi, funga na utikise kwa dakika moja. Iweke mezani robo saa, kisha iinamishe kwenye mwanga. Kama chembe za chumvi zimeganda kwenye kioo, hayajakauka. Kama kioo ni safi na chumvi yote imeanguka chini, unyevu uko chini ya asilimia 15 hivi. Hapo mimi huongeza siku moja au mbili za jua kali kabla ya kufunga, ili nifike kwenye ile 13. Anika juu ya hema au mkeka, kamwe si udongo mtupu, tabaka jembamba la unene wa vidole viwili, geuza kila saa, na uyaingize kabla ya umande. Kwa kuwa mvua zimeanza utalazimika kuvizia jua. Mwakani fanya kazi hii mwezi wa saba, wakati hewa ya Lubumbashi ni kavu na hakuna wingu.

Tuje kwenye unga mchungu. Hapa unajilaumu bure, kwa sababu ulichokosea hakiandikwi kwenye mfuko wowote.

Chukua punje moja ya mahindi, iloweke usiku, asubuhi ipasue kwa kisu kwa urefu. Utaona ganda jembamba la nje, ambalo likikobolewa ndilo pumba. Utaona sehemu kubwa nyeupe au ya njano, ambayo ni wanga. Na karibu na ncha iliyoshika gunzi utaona kitu laini cha rangi ya maziwa, chenye umbo la ngao ndogo. Kibonyeze kwa ukucha kwenye karatasi, kitaacha doa la mafuta. Hicho ni kiini, mche unaolala. Ni sehemu ndogo ya punje, kama asilimia 11 ya uzito wake, lakini kina karibu asilimia 80 ya mafuta yote ya hindi, pamoja na vitamini E na sehemu nzuri ya protini na madini. Punje ikiwa nzima, mafuta hayo yamefungwa ndani na hewa haiyafikii. Mashini ya kusaga ikishapita, kila chembe ya unga imepakwa mafuta kidogo na iko wazi. Vimeng'enya vya punje yenyewe vinaanza kuyavunja, hewa inayachomachoma, joto la mwezi wa tisa na wa kumi linaharakisha. Uchungu na ile harufu ya mafuta ya zamani ndiyo matokeo.

Unga mweupe haufanyi hivyo kwa sababu kiini na ganda vimekwisha kuondolewa. Unadumu kwa sababu ulichoondolewa ndicho kilichokuwa na uhai. Jambo hili limewahi kuwagharimu watu miguu yao: katika kisiwa cha Java, miaka ya 1890, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa wali mweupe uliokobolewa wakipooza, na wakipona waliporudishiwa mchele wenye ngozi yake. Ugonjwa wa watu wa beriberi ulikuwa huohuo, ukosefu wa vitamini B1, na mwaka 1929 alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Basi kosa halikuwa kuchagua unga mzima. Kosa lilikuwa kusaga magunia mawili kwa siku moja. Hifadhi punje, usihifadhi unga. Sagisha wa wiki mbili, tatu ukizidi sana. Ukitoka mashini unga ni wa moto: umwage kwenye kitambaa safi, upoe kabisa, ndipo uutie kwenye chombo chenye kifuniko, mahali penye giza na ubaridi. Ukifungwa ungali wa moto unatoa jasho ndani. Ule ulio mchungu hauokoki. Kuuanika juani kunauongezea ubaya, na kuuchanganya na mpya kunaharibu na huo mpya. Si sumu kama ile ya ukungu, lakini unaumiza tumbo na vitamini zake nyingi zimekufa. Usiwape watoto. Najua bei ya magunia mawili, na naandika hili kwa moyo mzito.

Tumbo la watoto, kwa hakika, lina sababu tatu na uchungu wa unga ni moja tu. Ya pili ni haraka. Walizoea unga laini, wakaamkia pumba tupu. Anza na meka moja ya unga mzima kwa tatu za mweupe, baada ya wiki mbili ongeza, hadi mfike mnapopenda. Mtoto chini ya miaka miwili umchekechee pumba zile kubwa, kwani tumbo lake ni dogo na linajaa kabla hajashiba chakula chenyewe. Ya tatu ni mapishi. Unga mweupe unaiva upesi, mzima hauivi hivyo. Lubumbashi iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na huku maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100 kama kule pwani. Pumba zinahitaji muda. Koroga kwanza sehemu ya unga na maji ya baridi, acha nusu saa unywe maji, chemsha uwe uji na uuache utokote dakika 15 kabla ya kuongeza unga wa kusongea. Ukishasonga, funika na uiache juu ya makala hafifu dakika tano nyingine. Utaona tofauti mdomoni, haikwaruzi.

Kwa uji wa asubuhi, changanya unga na maji jioni, funika, uache usiku kucha au hata siku mbili uchachuke kidogo, kisha uupike. Katika ganda la nafaka kuna kitu kiitwacho fitati, kinachoshika chuma na zinki visiingie mwilini. Kulowesha na kuchachua kunakipunguza. Kukamua limau kwenye lenga-lenga kunasaidia chuma kuingia, na chai ya rangi pamoja na chakula inakizuia, basi inywe saa moja baadaye. Ukipata ulezi, changanya kidogo kwenye uji wa watoto: gramu 100 zake zina kama miligramu 340 za kalisi, nafaka nyingine hazikaribii.

Sasa mume wako, ambaye ndiye chanzo cha safari hii yote. Lazima niseme wazi: unga mzima si dawa ya sukari. Ni bora kuliko mweupe, unashibisha zaidi, lakini ukisagwa laini wanga wake unaingia kwenye damu karibu upesi uleule. Kinachobadilisha hali yake ni ukubwa wa tonge na kilicho kando yake. Bukari iwe kama ngumi yake mwenyewe. Nusu ya sahani iwe mboga, sombe au kalembula au lenga-lenga bila mafuta mengi, na sehemu iliyobaki maharagi au samaki. Na siku mbili tatu kwa wiki, badala ya bukari mpikie punje nzima. Mwili unachukua muda kuzivunja, na sukari inapanda polepole.

Mahindi makavu na maharagi vilowekwe kila kimoja chombo chake, kuanzia jioni hadi asubuhi, maji yamwagwe. Mahindi yatangulie motoni karibu saa moja, kisha maharagi yaingie. Yachemke kwa nguvu dakika kumi za kwanza, kwa sababu maharagi yasiyochemka vizuri yana kitu kinachotapisha, halafu punguza moto saa moja na nusu hadi yalainike. Chumvi na nyanya mwishoni. Ukitaka kuokoa makala, baada ya nusu saa ya kuchemka pamoja funika sufuria vizuri, izungushie blanketi ndani ya kikapu, uiache saa tatu, kisha uichemshe tena kabla ya kupakua. Magadi yanalainisha upesi lakini yanaharibu vitamini B1, mimi siyatii. Kilichobaki kisilale mezani: wali na punje zilizopikwa zikikaa kwenye joto la chumba usiku kucha huota bakteria wenye sumu isiyokufa kwa kupasha moto. Kama umeme umekatika na friji imepata joto, pika kiasi cha kumalizwa.

Kabla hujampunguzia bukari, nenda naye kwa daktari wake. Kama anakunywa vidonge vya sukari au anadungwa insulini, na ghafla anakula wanga kidogo, sukari yake inaweza kushuka mno. Akianza kutetemeka, kutoa jasho baridi au kuongea ovyo, mpe maji ya sukari mara moja, kisha mwende kituo cha afya. Dozi inarekebishwa na daktari, si jikoni.

Na kama yale mahindi ya kona ya chini yalikwisha kuliwa, au huna hakika, watazame wote wa nyumbani kwa majuma haya: macho au mkojo kuwa wa manjano, kutapika kusikoisha, tumbo au miguu kuvimba. Ukiona hata dalili moja, usingojee nyingine. Wapeleke hospitali, ubebe na kiganja cha mahindi hayo kwenye mfuko uliofungwa, na umwambie daktari tangu mlipoyaanza.